Jina la Florence na Bibi Aliyelipatia Heshima

Katika madaftari ya ubatizo ya parishi nyingi za Afrika ya Mashariki jina la Florence si geni. Wako akina mama wanaoitwa hivyo, wako na wasichana, na wengine jina lao limeandikwa Florensi kama linavyotamkwa nyumbani. Ukiwauliza asili yake, wengi watakujibu kwamba ni jina la Kizungu tu, au kwamba wamerithi kwa bibi. Tena si ajabu mtu kudhani kuwa ni jina ambalo Waingereza wamewapa binti zao tangu kale na kale, kama Mary na Elizabeth.

Sivyo hata kidogo. Miaka 200 iliyopita ungeweza kupita parishi nyingi za Uingereza usimkute msichana hata mmoja mwenye jina hilo. Lilienea kwa ajili ya mwanamke mmoja, Florence Nightingale, naye alilipata kwa sababu ya safari ya wazazi wake. Basi inafaa tujue habari zake, maana wengi wanalibeba jina lake na wachache wanaijua kazi yake.

JINA LA MJI

Asili ya jina hili ni Kilatini, katika neno lenye maana ya kuchanua na kusitawi. Warumi wa zamani waliujenga mji katika nchi ya Italia wakauita Florentia. Waitalia siku hizi huuita Firenze, na Waingereza huuita Florence. Hapo zamani Wakristo wa Uingereza walilitumia jina hili kwa wanaume na wanawake pia. Alikuwako mtawa mmoja mwanamume, Florence wa Worcester, aliyefariki mwaka 1118. Huko Ireland nako wanaume walilitumia kwa karne nyingi mahali pa jina lao la kale la Kiayalandi. Lakini kwa Waingereza lilififia. Mwandishi Charles Dickens alimwita hivyo msichana mmoja katika hadithi yake ya Dombey and Son, iliyotoka kati ya mwaka 1846 na 1848. Kwa hiyo halikuwa jina lisilosikika kabisa, bali lilikuwa la nadra.

Mwaka 1818 bwana mmoja tajiri, William Nightingale, alimwoa Bibi Frances Smith, wakaenda kukaa Italia. Hata jina la Nightingale halikuwa lake tangu kuzaliwa. Ukoo wake ulikuwa Shore, akalibadili mwaka 1815 alipopata urithi wa mjomba wa mama yake, Peter Nightingale. Mwaka 1819, wakiwa katika mji wa Naples, walimpata binti wa kwanza, wakampa jina la Parthenope, ambalo ni jina la Kiyunani la mji wa kale uliokuwa mahali pale. Wakaendelea na safari mpaka Florence, na huko, tarehe 12 Mei, 1820, akazaliwa binti wa pili. Naye wakampa jina la mji aliozaliwa.

Tazama basi: jina la kwanza alilipata kwa ajili ya mji, na jina la ukoo kwa ajili ya urithi. Kama wazazi wangalikaa Naples mwaka mmoja zaidi, pengine leo tungekuwa na akina mama wachache sana wenye jina la Florence katika makanisa yetu.

WITO

Familia ya Nightingale ilikuwa na nyumba mbili kubwa Uingereza, moja Lea Hurst katika Derbyshire, na moja Embley katika Hampshire. Baba alikuwa mtu wa kupenda vitabu, akawafundisha binti zake mwenyewe Kilatini, Kiyunani, historia na elimu nyingine ambazo wasichana wengi wa siku zile hawakupewa. Florence alipenda hesabu kupita yote. Kumbuka jambo hili, maana litarudi mbele.

Tarehe 7 Februari, 1837, alipokuwa bado hajatimiza miaka 17, aliandika katika maandishi yake ya faragha kwamba Mungu amemwita amtumikie. Hakuambiwa ni utumishi gani. Miaka ikapita akitafuta maana yake, mpaka alipofahamu kwamba kazi yake ni kuwauguza wagonjwa. Alipowaeleza wazazi wake, nyumba nzima ikavurugika. Katika siku zile wanawake wengi waliouguza katika hospitali walikuwa maskini wasio na mafunzo, na wengi walikuwa na sifa mbaya ya ulevi. Kwa binti wa nyumba kubwa kwenda kufanya kazi ile ilionekana ni aibu kwa ukoo. Mama alilia, na dada yake Parthenope aliugua kwa uchungu kila habari ile ilipotajwa.

Florence hakuwatoroka wazazi wake, lakini hakuuacha wito wake. Aliamka kabla ya mapambazuko, akawasha mshumaa, akasoma taarifa za hospitali za nchi mbalimbali, akaandika hesabu zake. Kisha kulipokucha alishuka kula chakula cha asubuhi na wenzake kama binti mwingine yeyote. Bwana mmoja mwema, Richard Monckton Milnes, alimposa akamngoja kwa miaka. Florence alimpenda, lakini mwaka 1849 alimkatalia, kwa kuwa aliona ndoa ile ingemfunga katika maisha ya karamu na wageni.

Hatimaye mwaka 1851 alipata ruhusa ya kukaa miezi mitatu Kaiserswerth, Ujerumani, ambako mchungaji wa Kilutheri, Theodor Fliedner, alikuwa na nyumba ya mashemasi wa kike waliowatunza wagonjwa na yatima. Huko alifurahi kuliko alivyopata kufurahi kwao, ingawa chakula kilikuwa haba na kazi ilianza alfajiri. Mwaka 1853, akiwa na miaka 33, akawa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake jijini London. Hakupokea mshahara. Baba yake alikuwa amekubali kumpa pauni 500 kila mwaka za kujitegemea, na mapenzi hayo ya baba ndiyo yaliyofungua mlango.

SCUTARI

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa Uturuki kupigana na Urusi. Mapigano makubwa yalikuwa katika rasi ya Krimea. Majeruhi wa Kiingereza walivushwa kwa meli kupita Bahari Nyeusi mpaka Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, ambako Waturuki walikuwa wametoa kambi kubwa ya askari iwe hospitali. Magazeti ya London yakaandika waziwazi kwamba askari wanalala sakafuni bila matandiko, bila dawa, na bila wa kuwauguza. Watu wakakasirika. Waziri mmoja wa mambo ya vita, Sidney Herbert, aliyemjua Florence, akamwandikia barua kumwomba aende. Na barua ya Florence ya kujitolea ikawa imekwisha kutumwa kwake. Barua zile mbili zikapishana njiani.

Aliondoka London tarehe 21 Oktoba, 1854, na wanawake 38. Kumi walikuwa masista wa Kanisa Katoliki, 8 walikuwa masista wa Kianglikana, 6 walitoka Nyumba ya Mtakatifu Yohana ambayo nayo ilikuwa ya Kianglikana, na 14 walikuwa wauguzi wa hospitali za kawaida. Wakati ule Wakatoliki na Waanglikana wa Uingereza walitazamana kwa shaka nyingi, na wako waliolalamika juu ya mchanganyiko huo. Florence, aliyekuwa mtu wa Kanisa la Uingereza, alisimamia kila mmoja kwa kazi yake. Wengine walimfaa, wengine aliwarudisha kwao. Mmoja wa marafiki zake wakubwa mpaka mwisho alikuwa Mama Mkuu wa masista Wakatoliki wa Bermondsey.

Walifika tarehe 4 Novemba, 1854. Madaktari wa jeshi hawakuwataka, wakawanyima ruhusa ya kuingia kwa wagonjwa. Florence hakugombana nao. Aliwaweka wanawake wake kushona na kupanga nguo, wakangoja kuitwa. Hawakungoja sana. Majeruhi wa vita vya Inkerman walifurika mpaka vitanda vikajaa katika korido, na madaktari wenyewe wakaja kuomba msaada. Basi kazi ikaanza: kufua, kupika uji na mchuzi kwa wasioweza kula chakula cha jeshi, kusugua sakafu, kununua mashati, taulo na miswaki kwa fedha alizokuja nazo na zilizochangwa na wasomaji wa magazeti. Aliwaandikia wake na mama za askari waliokufa. Usiku, wanawake wengine walipokwisha kuondoka wodini, yeye alipita vitandani peke yake. Taa aliyoshika haikuwa ile ya sanamu nyingi tunazoziona, bali ilikuwa fanusi ya Kituruki ya kukunja, kama zile zilizotumika mjini pale.

JINA LAENEA

Askari waliopona walirudi kwao wakasimulia. Mwezi wa Februari, 1855, gazeti moja la picha la London likatoa picha yake akipita kati ya vitanda na taa mkononi, na kuanzia hapo habari zake zikawa midomoni mwa watu wote. Nyimbo zake ziliuzwa barabarani. Sanamu ndogo za udongo ziliwekwa katika nyumba za wafanyakazi, ingawa wengi wa waliozitengeneza hawakuujua uso wake. Meli zilipewa jina lake, hata farasi wa mashindano.

Zaidi ya hayo, watoto wa kike waliozaliwa miaka ile walianza kuletwa kwenye birika la ubatizo wapewe jina la Florence. Walikuwa watoto wa askari, wa mafundi, wa wakulima, wa mabwana na wa watumishi. Hapo zamani jina lilishuka kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo. Hili lilipanda kutoka kwa askari wa kawaida. Ikaendelea hivyo miaka 50. Mwaka 1904 Florence lilikuwa la pili kati ya majina yote ya wasichana katika Uingereza na Wales, likitanguliwa na Mary tu. Marekani nako lilikuwa miongoni mwa majina yaliyopendwa sana. Wazazi wengine waliongeza na la pili kabisa. Huko Kanada, mwishoni mwa karne ya 19, alizaliwa msichana aliyeitwa Florence Nightingale Graham. Msichana yule alianza masomo ya uuguzi akayaacha, akahamia New York, akawa tajiri kwa kuuza mafuta na poda za urembo kwa jina la Elizabeth Arden. Jina hupewa mtu. Kazi huichagua mwenyewe.

Na dada yake je? Parthenope alizaliwa na wazazi wale wale, akapewa jina kwa desturi ile ile, naye ni jina la mji wenye sifa kuu. Aliolewa mwaka 1858 na Sir Harry Verney, akaandika vitabu, akafariki mwaka 1890. Lakini akina Parthenope hawakuongezeka. Jina lake lilibaki lilivyokuwa, neno geni la Kiyunani.

Inafaa hapa tumtaje na mwanamke mwingine wa vita vile, ambaye sifa ilimpita. Mary Seacole alizaliwa Jamaika mwaka 1805, mama yake akiwa mwanamke mweusi mwenye ujuzi wa dawa, na baba yake askari wa Scotland. Mwaka 1854 aliomba London kwenda kuuguza askari, akakataliwa. Akaenda kwa nauli yake mwenyewe, akajenga nyumba karibu na Balaclava, akauza vyakula, akatibu wagonjwa, akawafuata majeruhi mpaka uwanja wa vita. Vita vilipokwisha alirudi akiwa amefilisika. Baada ya kufariki mwaka 1881 alisahauliwa karibu miaka 100. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2016 katika bustani ya Hospitali ya St Thomas', London, hospitali ile ile ambamo Florence alianzisha chuo chake. Wema haupimwi kwa wingi wa waliopewa jina la mtu.

HESABU YA WAFU

Sasa tumefika mahali ambapo wengi wanaosimulia habari za Florence Nightingale hukomea, nasi tusikomee hapo.

Wakati sifa yake ilipokuwa inaenea Uingereza, askari walikuwa wanazidi kufa Scutari. Wakati wa baridi ile ya kwanza walikufa humo zaidi ya 4,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi wala mapanga, bali kwa kuhara, kipindupindu na homa. Katika mwezi wa Februari, 1855, mwezi ule ule picha yake ilipotoka gazetini, wagonjwa zaidi ya 40 katika kila 100 walikufa. Usafi wa wodini na chakula kizuri viliwasaidia watu, lakini havikutosha. Chini ya jengo lile mifereji ya vyoo ilikuwa imeziba, hewa yake ikipanda ndani, na maji ya kunywa yalipita penye uchafu. Mwezi wa Machi tume ya mambo ya afya ikafika kutoka Uingereza. Wakazibua mifereji, wakachukua takataka mikokoteni kwa mikokoteni, wakaondoa mzoga wa farasi katika njia ya maji, wakafungua madirisha. Mwezi wa Juni waliokufa walikuwa wawili hivi katika kila 100.

Florence mwenyewe alikwenda Krimea mwezi wa Mei, 1855, akashikwa na homa kali huko Balaclava, akakaribia kufa. Hakupona kabisa maisha yake yote. Hata hivyo alikaa mpaka vita vikaisha. Serikali na miji ilitaka kumpokea kwa shangwe na bendi. Yeye akasafiri kurudi na shangazi yake mwezi wa Julai na Agosti, 1856, kwa jina la Bibi Smith. Wale waliokuwa wakiwaita watoto Florence walikuwa wakimngoja bandarini, na mwenye jina alilificha. Alishuka katika stesheni ya karibu na kwao bila mtu kujua, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani.

Mwaka 1857 alikaa na mtaalamu wa takwimu, Daktari William Farr, wakahesabu vifo vya jeshi. Hapo ndipo ile hesabu aliyoipenda tangu utoto ilipomtumikia, nayo ilimpa uchungu. Aliona kwamba katika askari wapatao 20,000 waliokufa, 16,000 hivi walikufa kwa maradhi, na maradhi mengi yangezuilika. Aliona pia kwamba hospitali ya Scutari, mahali pale alipopatia sifa, ndipo walipokufa watu wengi kuliko hospitali nyingine zilizokuwa mbele vitani.

Mtu mwingine angenyamaza. Nchi nzima ilimpenda, wala hakuna aliyekuwa akimdai hesabu. Lakini yeye hakutaka kujificha nyuma ya jina lake. Alidai vifo vile vichunguzwe waziwazi na tume ya serikali, akazichora takwimu kwa michoro ya rangi, ili hata waziri asiyependa kusoma namba aone kwa macho jinsi maradhi yalivyoua kupita bunduki. Mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika Chama cha Takwimu cha London. Kambi za jeshi zikajengwa upya, zikapata hewa na maji safi, na vifo vya askari wakati wa amani vikapungua.

KAZI BAADA YA SIFA

Vita vilikuwa miaka miwili ya maisha yake. Alikuwa na miaka 36 aliporudi, akaishi mingine 54. Sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa mgonjwa chumbani, akifanya kazi kitandani kwa kalamu. Mwaka 1859 alitoa kitabu chake juu ya uuguzi, alichowaandikia hasa akina mama wanaouguza watu wao nyumbani: wafungue madirisha, wanawe mikono, wasiwapigie wagonjwa kelele, wawape chakula kwa wakati. Wananchi walikuwa wamechanga zaidi ya pauni 44,000 kwa heshima yake. Hakuzichukua ziwe zake. Kwa fedha hizo chuo cha wauguzi kikafunguliwa mwaka 1860 katika Hospitali ya St Thomas'. Kutoka mikono yake wauguzi walikwenda Liverpool mwaka 1865 kuwatunza maskini wasio na mtu, na Sydney, Australia, mwaka 1868. Kwa miaka 40 alishughulika pia na maji na usafi wa India, nchi ambayo hakuiona kwa macho.

Matunda ya kazi ile yalifika na kwetu. Wamisionari walipojenga hospitali Unguja, Magila, Masasi na kwingineko, manesi waliokuja walikuwa wamefundishwa uuguzi kuwa kazi ya elimu na ya heshima, jambo ambalo wasichana wa zamani zake hawakulijua. Hospitali ya Mengo, Uganda, ilianzishwa mwaka 1897 na Daktari Albert Cook pamoja na nesi Katharine Timpson, aliyekuja kuwa mke wake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Bibi Cook akaongoza kazi ya kuwafundisha wasichana wa Uganda ukunga. Leo nesi wa zahanati akinawa mikono kabla ya kumshika mtoto, au akiandika daftarini idadi ya waliougua kuhara mwezi huu ili kisima kichunguzwe, anafanya kazi ya Florence Nightingale, hata kama yeye mwenyewe anaitwa Mwanaidi au Neema.

KABURI LENYE HERUFI MBILI

Uzeeni macho yake yalipofuka. Mwaka 1907 Mfalme wa Uingereza alimpa Nishani ya Ustahilifu, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kuipokea, lakini wakati ule hakuwa tena na nguvu za kufahamu sana. Alifariki London usingizini tarehe 13 Agosti, 1910, akiwa na miaka 90. Ilitolewa nafasi azikwe Westminster Abbey pamoja na wafalme na watu wakuu. Jamaa zake wakakataa, kwa kuwa mwenyewe alitaka maziko madogo. Jeneza lake lilibebwa na masajini sita wa jeshi, akazikwa penye wazazi wake katika uwanja wa kanisa la St Margaret, East Wellow, kijiji kilicho karibu na Embley.

Juu ya kaburi lile hamna jina. Pana msalaba mdogo, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, na herufi mbili tu, F na N. Wakati huo jina lake lilikuwa limeandikwa katika madaftari ya makanisa maelfu kwa maelfu, kutoka London mpaka Toronto. Yeye mwenyewe aliliacha nje ya kaburi.

Baadaye jina la Florence lilipungua Uingereza, likawa jina la mabibi wazee. Sasa limerudi, na limo tena miongoni mwa majina ya wasichana yanayopendwa huko. Majina huja na kwenda kama maji kupwa na kujaa. Siku ya Wauguzi Duniani huadhimishwa tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, na Kanisa la Uingereza humkumbuka kila mwaka tarehe 13 Agosti, siku aliyofariki.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Lakini tumeona kwamba jina lenyewe halina mwanga. Parthenope lilikuwa zuri kama Florence. Jina ni kama fanusi tupu: anayelibeba ndiye atakayetia mafuta, naye huyatia usiku, mahali pasipo na watu wa kumsifu, kwa kazi kama kusugua sakafu na kuhesabu makosa yasirudiwe. Basi mzazi anayemwita mtoto wake Florence amempa kitu chema, lakini amempa nusu tu. Nusu ya pili mtoto ataitafuta mwenyewe. Na wewe ndugu, uliyebatizwa jina la mtume, la shahidi, la nabii au la mtakatifu yeyote, hesabu yako ni hiyo hiyo.